Wilaya Niliyoitaja Nyuma ya Pazia

Wilaya ile ni mraba, isipokuwa upande wa magharibi, ambako mpaka wake unafuata mto. Kaskazini imepakana na wilaya nyingine ya mraba, mashariki na nyingine, kusini na nyingine. Mji mkubwa uko katikati, na una mahakama, shule ya sekondari na tangi la maji lililosimama juu ya nguzo ndefu. Kuna miji midogo minne, na kijiji cha tano ambacho kipo kwenye ramani lakini hakina mtu; yamebaki makaburi na njia panda. Ardhi yote ni tambarare. Barabara zimenyooka na zinakatana kila baada ya maili moja. Mto haukauki. Wanalima mahindi na soya.

Sijapata kufika huko. Nimekaa Khuwair ya Kusini, Maskati, tangu nilipokuwa na miaka minane, na ukipanda juu ya paa la nyumba yetu, kila upande unaogeukia unakutana na jabali. Niliijua wilaya ile kwa sababu kaka yangu alikuwa akikaa huko.

Kaka alinitangulia kwa kila kitu. Ami yetu, mkubwa wake Baba, alimchukua kutoka Tabora akiwa mtoto, akamleta Maskati, akamlea pamoja na binti yake. Mimi na Mama tulikuja miaka mingi baadaye, Baba alipokwisha kufa. Wakati huo kaka alikuwa akizungumza Kiarabu kama aliyezaliwa nacho. Mimi nilitiwa darasa la kwanza pamoja na watoto wadogo kuliko mimi, sijui hata maneno ya kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Siku ya tatu sikuweza kujizuia. Walinicheka mwaka mzima, na hata walipoacha mimi niliendelea kuwasikia. Nilipomaliza shule ya msingi nikasema basi. Kuandika Kiswahili alinifunza Mama kwenye meza ya jikoni, na mpaka leo naandika herufi moja moja, nikikosea nafuta.

Kabla ya kufa, Baba aliahidiana na ami kwamba kaka atamwoa binti ami. Mashahidi walikuwepo, na halwa ililiwa. Ami alikuwa akisema kwamba ahadi hiyo amempa mtu ambaye sasa yuko kaburini, kwa hiyo hana wa kumwendea kumwomba amfungulie.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini kaka alipata masomo ya serikali akaenda Amerika. Miaka miwili ya mwanzo aliandika kila mwezi. Halafu akaandika kwamba ameondoka kwenye mji wa chuo, amepata kazi kiwandani, huko shamba, mbali na mji. Hakusema kiwanda cha nini. Ndani ya bahasha ile alitia ramani ya wilaya na karatasi ya kukunja, ya wageni, yenye eneo la nchi kavu, eneo la maji, idadi ya watu, wanaume wangapi, wanawake wangapi, nyumba ngapi. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini kaka alikuwa ameandika Kiswahili chake pembeni kwa penseli, mstari kwa mstari. Pembeni mwa neno moja tu hakuandika kitu. Mwishoni aliandika: "Mama, hapa ni padogo kama wilaya zetu za ndani, kila mtu anamjua mwenzake."

Baada ya hapo hakuandika tena.

Mama alikuwa akinisomesha karatasi ile kama watu wanavyosoma barua. Jioni, akishaswali magharibi, anasema, "Haya mwanangu, niambie kaka yako yuko wapi." Namsomea mipaka, mto, miji, idadi ya watu mpaka tarakimu ya mwisho. Tarakimu yenyewe siiandiki hapa, maana hata wakati ule ilikuwa imekwisha kupitwa. Ilikuwa ndogo, watu wa wilaya nzima hawafiki watu wa Khuwair yetu. Mama alikuwa akishangaa hapo kila siku.

"Watu kidogo hivyo, na nchi yote hiyo? Na mmoja wao mwanangu," anasema, kama kwamba bila yeye hesabu yao isingetimia.

Baada ya mwaka nikawa naitaja bila karatasi.

Binti ami ndiye aliyeutoa mchezo ule jikoni kwetu akaupeleka kwa wageni. Nyumba yao na yetu zilikuwa ndani ya ukuta mmoja, na wageni wa kike walikuwa wakipokewa kwao. Alikuwa na miaka ishirini na tano wakati huo, mzuri, ana ulimi. Wenzake wote walikuwa wameolewa, wakija na watoto wao kiunoni, na yeye hakuwa na cha kuwaonyesha ila mchumba aliyeko Amerika. Picha yake walikwisha kuiona. Basi akaniita mimi.

Mimi mwanamme wa miaka kumi na minane siwezi kuingia mbele ya wanawake wa watu. Nilikuwa nikisimama kwenye ukumbi mwembamba, nyuma ya pazia la kijani, nimeuelekea ukuta wenye mita ya umeme. Nikikataa, mke wa ami anamwambia Mama kwamba mwanawe hana adabu.

"Kasuku!" binti ami anaita. "Umefika?"

"Nimefika, dada."

"Sikilizeni jamani. Huyu Kiarabu kimemshinda, Kiingereza hakijui, ukimtuma ndimu analeta machungwa. Lakini muulizeni Amerika! Haya kasuku, taja."

Nikitaja. Sauti yangu ilikuwa ikitetemeka, na kule kutetemeka ndiko kulikowachekesha zaidi. Nikifika kwenye kijiji kisicho na watu, mmoja huuliza, "Na huko nani anatoa zaka?" Wanacheka. Nikifika kwenye idadi ya watu, binti ami anadakia, "Na mmoja wao wangu!" Wanapiga vigelegele. Mwisho mkono wake unatoka chini ya pazia na kipande cha halwa kwenye kisahani.

"Mpeni kasuku ujira wake."

Nikiichukua. Hilo ndilo ninaloliona baya mpaka leo, kwamba nilikuwa nikiila.

Mwaka mmoja, mwezi wa Rajabu, akaja mposaji kutoka Sib. Alikuwa mtu wa kiasi, mkewe amefariki akamwachia watoto wawili, ana kazi yake bandarini. Alikuja na watu wake na wanawe, wakakaa na ami baraza ya wanaume, mimi nikimimina kahawa. Ami aliwaeleza ukweli: "Binti ameahidiwa mtoto wa ndugu yangu marehemu, na huyo mtoto hajulikani alipo. Akijitoa mwenyewe, au ikijulikana ameoa huko, mimi nimefunguka. Bila ya hayo siwezi."

Mtu wa Sib akasema atangoja mpaka Idi ipite. "Watoto wanataka mama, sheikh," alisema. "Siwezi kungoja zaidi."

Binti ami alipopewa khabari alicheka mbele ya mama yake. "Mjane wa Sib! Mimi ndiyo nimefikia hapo? Mtu wangu yuko." Lakini mtu wa Sib alipokuwa akiondoka, yule mtoto wake mdogo alilala kwenye bega lake, na nilimwona binti ami ameshika ukingo wa dirisha la jikoni, anawatazama mpaka gari ikageuka. Alikaa pale hata baada ya vumbi kutulia.

Ami akaamua kuandika barua. Swali lilikuwa aandikiwe nani, maana anwani ya kaka ilikuwa sanduku la posta ambalo halijibu. Ami hakuona tabu yoyote. Hapa kwetu mtu akipotelewa na ngamia, au na hati, au na mwana, anakwenda kwa wali wa wilaya, na wali anamwita sheikh wa mtaa, na sheikh anajua. Karatasi ya kaka ilisema kule kila mtu anamjua mwenzake. Basi aandikiwe wali wa kule.

Nilimwandikia maneno yake kwa Kiswahili, siku mbili, naye amekaa pembeni akinambia "Bado?" Halafu tukaenda Hamriya, kwenye duka la fotokopi ambako Mkenya mmoja alikuwa akiwapigia watu chapa barua za Kiingereza. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, ana msalaba mdogo shingoni, na alimpenda ami kwa sababu ami hakuomba kupunguziwa bei.

"Mzee," alisema akisoma karatasi yangu, "hapa umemsalimia huyu mtu, ukamuuliza watoto wake, ukamuuliza mvua, ukamuuliza mifugo. Shida yenyewe iko ukurasa wa pili."

"Utaingiaje kwa mtu hujamjulia hali?"

"Sawa, sawa. Lakini kule hakuna wali, baba. Kuna karani wa mahakama, ndiye hukaa na vitabu vya watu."

"Basi na aende kwa karani. Lakini mwite Mheshimiwa Wali, asije akaona tumemshusha."

Mkenya alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaandika vile vile alivyoambiwa: ukoo wa kaka mpaka babu wa nne, urefu wake, kovu la kidevuni alilopata kwa kuanguka kisimani Tabora. Alipokuwa akipiga chapa nilimwonyesha lile neno ambalo kaka hakulitafsiri. Akalitazama, akamtazama ami aliyekuwa mlangoni, akanong'ona, "Nguruwe. Wanasema kule nguruwe ni wengi kuliko watu. Kiwanda ni cha hao." Nikaikunja karatasi.

Ufunguo wa sanduku la posta la Ruwi ulikuwa kwangu, maana mimi ndiye niliyekuwa sina kazi. Jibu lilikuja Shaaban, wiki moja kabla ya Ramadhani. Sikuweza kulisoma. Nilikwenda nalo kwa miguu Hamriya, kwa Mkenya.

Alilisoma kimya kwanza.

"Keti," alisema.

Aliyejibu si karani. Karani wa mahakama alikuwa ameisoma barua ya ami mpaka kwenye kovu la kidevu, akaichukua mkononi, akaenda nayo jikoni kwa mpwa wake. Mpwa wake ndiye mke wa kaka. Wazee wetu hawakukosea hata kidogo. Yule mtu wa vitabu alijua mlango wa kugonga. Mwanamke yule aliandika kwamba wameoana mwaka wa tatu sasa, wana mtoto wa kike, na wa pili yuko njiani. Alitia picha. Kaka amenenepa, amevaa kofia ya jua, amembeba mtoto mwenye kidevu chetu.

"Kuna kitu hapa chini," Mkenya alisema. "Nikisome?"

"Soma."

"Anasema, 'Amenambia siku zote kwamba watu wake walikufa wote, Afrika, kabla hajaja. Nilipomwonyesha barua alitoka nje akakaa ndani ya gari mpaka asubuhi. Tafadhali niambieni ninyi ni nani. Kama mko hai, nimefurahi.'"

Mkenya aliiweka barua kwenye meza akaigeuza uso chini. "Wallahi huyu kaka yako," alisema, Mkristo yule, kwa kiapo chetu. Kisha akaniandikia Kiswahili chake kwenye karatasi nyingine, hakunitoza kitu.

Nilirudi nikiwa nimeitia barua kifuani, ndani ya kanzu. Njiani nilikuwa na nia ya kumpa ami. Naapa kwamba nia hiyo nilikuwa nayo mpaka getini. Lakini kulikuwa na viatu vya wanawake vimejaa mlangoni kwao, na kabla sijafika kwetu nikasikia, "Kasuku! Kasuku kapita, nimeona kivuli chake! Njoo, kuna wageni kutoka Nizwa hawajakusikia!"

Nikasimama nyuma ya pazia na barua kifuani, nikataja. Mto, miji, watu. "Na mmoja wao wangu!" alisema. Vigelegele. Kisahani cha halwa.

Nilikaa na kisahani kile mkononi, na nikaona kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwangu mimi ndiye ninayejua kitu. Nikaona utamu wake. Sikuwa na mpango. Nilijiambia tu, kesho. Barua nikaitia ndani ya mto wa kulalia.

Ramadhani ikaingia, na kila siku nikasema kesho.

Siku moja katika kumi la mwisho nilikuwa uani naanua nguo za Mama. Binti ami akaja upande wa pili wa kamba. Hakuwa na wenzake. Alikuwa amefunga, midomo imekauka, na alizungumza chini chini kama mtu anayezungumza na mwenzake.

"Ndugu yangu." Hakuwa amepata kuniita hivyo. "Sanduku unalifungua?"

"Nalifungua."

"Hakuna kitu?"

Kulikuwa na shuka baina yetu. Nilikuwa naona vidole vyake tu vimeishika kamba.

"Kama hataki," alisema, "si aseme hataki? Neno moja. Mimi nimechoka kuchekesha watu. Yule wa Sib ana sauti nzuri akizungumza na wanawe, ulimsikia? Idi imekaribia. Nambie kweli, usinionee haya. Hakuna kitu?"

"Tupu," nikasema.

"Haya," akasema. Akaiachia kamba, nguo zikacheza.

Mtu wa Sib alikuja mara ya mwisho siku ya nne baada ya Idi. Nilimimina kahawa. Ami alisema hakuna jibu. Mtu wa Sib alikitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akanirudishia, akasema kila kitu ni nasibu. Mwezi haukwisha tukasikia ameoa huko mji wa Barka.

Siku chache baadaye binti ami akaniita. Wageni walikuwa wengi kuliko siku zote, na yeye alikuwa anazungumza kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Mmoja alikuwa amekwisha kumchoma na khabari za Barka, nilimsikia akisema, "Si mlimkataa wenyewe?"

"Nilimkataa, kwani mimi na mjane wapi na wapi?" binti ami alijibu. "Kasuku! Waambie mtu wangu yuko wapi!"

Nikasimama mbele ya mita ya umeme. Nikataja mipaka minne. Nikataja mji mkubwa na mahakama yake. Sauti haikutetemeka, na nadhani walilitambua hilo, maana hawakucheka mapema. Nikataja kijiji kisicho na watu. Nikataja kilimo, na safari hii nikaongeza nguruwe, kwamba ni wengi kuliko watu, na kwamba kiwanda anachofanyia kazi kaka ni cha kuwachinja hao. Mtu mmoja akasema, "Astaghfirullah." Nikataja idadi ya watu mpaka tarakimu ya mwisho.

"Na mmoja wao wangu!" binti ami akadakia, kwa mazoea.

"Hapana, dada," nikasema. "Hesabu imezidi. Ana mke, na mtoto wa kike, na sasa labda na wa pili. Barua ninayo. Mkewe ndiye aliyeandika."

Nilikuwa nimeufikiria ukimya ule kwa wiki nyingi, na nilidhani utanifurahisha. Nilisikia kikombe kimewekwa juu ya sinia. Nilisikia mtoto wa mtu anauliza, "Mama, nini?" na akafinywa. Halafu sauti ya mwanamke mmoja, mwenye huruma au mwenye kuigiza huruma, ikasema, "Pole, mwanangu," na baada ya hapo wakaanza kutafuta mabuibui yao wote kwa pamoja.

Hakuna mkono uliotoka chini ya pazia.

Ami aliidai barua usiku ule ule. Tafsiri ya Mkenya niliinakili upya kabla ya kuitoa, nikauruka mstari ule unaosema kwamba sisi tumekufa. Ilinichukua saa nzima, ami akigonga mlango. Nilimpa nakala yangu, na picha, na barua ya Kiingereza ndani ya bahasha yake, kwa sababu nilijua hakuna mmoja wao atakayeweza kuisoma.

Aliponiuliza imefika lini, nilisema juzi.

Mama aliitazama picha akalia, kisha akacheka kwa kile kidevu. Akanambia niandike: mwambie mkewe akaribie, mwambie tuna nafasi, mwambie tunamshukuru wali. Nikaandika. Kaka hakupata kutuandikia tena hata mara moja. Mkewe aliandika kila mwaka, na kila mwaka alitupa salamu zake kaka, ambazo sijui kama kaka alizitoa.

Ami alifariki mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mke wa ami akamfuata. Binti ami hakuolewa. Waliokuja baada ya mtu wa Sib walikuwa wachache, na aliyekuja wa mwisho alitaka mtu wa kumwangalia mama yake. Akaenda kusoma Kiingereza madarasa ya jioni, Ruwi, akaketi na wasichana wa miaka kumi na saba. Alisoma kama anayelipa kisasi. Baada ya miaka miwili barua za Amerika zikawa zinafunguliwa na yeye na kujibiwa na yeye. Mimi nilipata kazi ya kupika chai katika ofisi moja hapa hapa Khuwair, ambako sihitaji kusema mengi.

Mama alipougua, binti ami ndiye aliyemwosha, aliyemlisha, aliyemsomea zile barua akizigeuza Kiswahili papo hapo. Nilikuwa nikisimama mlangoni, nikijua ile ya kwanza kabisa anayo na amekwisha kuisoma. Siku moja Mama alimwomba hiyo hiyo, ya kwanza, ile ya picha. Akaisoma yote. Alipofika chini, alinitazama mimi, akasema bila kusita, "Na hapa anasema, nimefurahi kwamba mko hai." Mama akasema alhamdulillahi. Alikufa anaamini hivyo.

Nilitaka kumshukuru. Baada ya arubaini ya Mama kupita nilikwenda kwao. Pazia la kijani lilikuwa limekwisha kutolewa, ulikuwa ni mlango tu. Alikuwa ameketi na sinia ya kahawa, kisahani cha halwa, na bahasha ile.

"Kaa," alisema. "Taja."

"Dada, mimi nimekuja—"

"Taja kwanza."

Nikataja. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yapo kwenye bahasha. Nilipofika kwenye hesabu alisema, "Ongeza wanne. Mke na watoto watatu. Yule mdogo kabisa amezaliwa mwezi uliopita, humjui." Kisha akaigeuza bahasha akaisukuma mbele yangu. "Sasa nisomee na huu."

Nyuma ya bahasha kulikuwa na muhuri wa posta ya Ruwi, ule wanaogonga barua inapowasili. Sikuwa nimeuona. Siku ile nilipowapa bahasha, sikufikiria kabisa kugeuza upande wa pili.

"Soma tarehe," alisema.

Nikasoma siku, nikasoma mwezi.

"Kwa miezi yetu ni lini?"

"Shaaban."

"Mwishoni au mwanzoni?"

"Wiki moja kabla ya Ramadhani."

"Na mtu wa Sib alikuja lini mara ya mwisho?"

"Baada ya Idi."

"Siku ya ngapi?"

"Ya nne."

"Haya," alisema, kama alivyosema siku ile kwenye kamba ya nguo. Akanisogezea kisahani. "Kula halwa yako."

Nikaila. Alinitazama mpaka nikamaliza, akaitia bahasha ndani ya kabati akafunga kwa ufunguo.

Nikarudi kwangu. Lakini Shaaban iliyofuata alimtuma mtoto wa jirani kuniita, na nilipofika sinia ilikuwa tayari. Imekuwa hivyo kila mwaka. Mimi ndiye mtu wake pekee aliyebaki hapa, na yeye ni wangu. Siku nyingine ananipelekea chakula, nikiumwa ananinunulia dawa. Siku hiyo moja tu ananiita. Nataja mipaka, mto, miji, kijiji kisicho na watu. Ananisahihisha hesabu. Kisha anaigeuza bahasha, nami nausoma muhuri, taratibu kama ninavyosoma kila kitu, na yeye hanihimizi.